Utando Uliosuguliwa kwa Majivu

Mama yangu alikuwa akitia rangi nguo za mitumba nyumbani kwetu Manga. Jinzi zilizopauka aliziingiza kwenye pipa, zikatoka buluu iliyokolea, kisha akaziuza soko la Ekerenyo. Maji ya pipa yalimwagwa mtaroni, na mtaro uliteremka hadi kwenye chemchemi ya majirani. Siku walipochota maji ya buluu, kina mama wa kamati ya chemchemi walipanda mlima wamefura kwa hasira. Wakampa hadi Jumamosi ya pili: asafishe maji yake au aache kazi.

Mimi nilikuwa nasomea kemia chuoni, na kiburi cha msomi kilinijaa tele. Maabarani tulikuwa tukitengeneza utando wa polima, mwembamba kama ganda la kitunguu, wenye vitundu vidogo mno hata maji hupita na rangi ikabaki nyuma. Niliubana mmoja kwenye fremu, nikaunganisha pampu ya mkono, nikauleta nyumbani. Maji ya buluu yaliingia, yakatoka meupe. Mama aliangua kicheko, akapampu tena na tena mpaka nikambembeleza apumzike.

Rangi ilishikamana na ule utando, ukawa mchafu wa kutisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Nilimwambia Mama ausuuze kwa maji tu. Sikumwambia kwa nini; nilidhani hahitaji kujua.

Jumamosi ile niliamka nikakuta uwanja umefagiwa na vikombe vinang'aa. Kwetu, wageni wakija, sufuria husuguliwa kwa majivu ndani na nje, la sivyo utasemwa mwaka mzima. Kamati ilipofika nikapampu kwa mbwembwe. Maji yakatoka buluu. Nikafungua fremu haraka: utando ulikuwa mweupe pe, umekwaruzwa kila mahali, na rangi ilipenya kwenye mikwaruzo.

"Nilisugua kidogo na majivu," Mama akasema. "Ilikuwa imeshika uchafu. Wageni wanakuja, nitawaonyesha kitu kama hiyo?"

Nikamfokea. Mbele ya wale wanawake, ambao karibu wote aliwazidi umri, nikamwita mjinga. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Mwenyekiti wa kamati hakuyatazama maji tena, alinitazama mimi. Mama akawamiminia chai, akawaambia kazi ya rangi ameiacha.

Wiki chache baadaye nilirudi na utando mwingine. Safari hii nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu, polepole. Mapipa hayakuwepo. Nilimkuta akichuma majani chai kwenye shamba la jirani, kibarua. Nikatoa utando mfukoni nikamnyooshea. Alijipangusa mikono kwenye leso, akarudi nyuma hatua moja.

"Peleka kwa wale watu wako wa chuo," akasema kwa upole. "Mimi nitaharibu tena."