Viatu Vinavyotazama Nje

Tangu warudi makaburini, mjane wa Sajini hakukaa kitako. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa, akafungua dirisha, akalifunga tena. Binti yake mkubwa akamwambia, "Mama, pumzika basi." Nani apumzike! Pale mlangoni waombolezaji walikuwa wameacha viatu shaghalabaghala, kimoja huku, kingine kule, na jambo hilo lilimkera kupita kiasi.

Sajini alitoka jeshini, lakini jeshi halikumtoka. Kila jioni, miaka nenda miaka rudi, alivipiga rangi viatu vya watoto wake watano, akavipanga mlangoni vikitazama nje. "Likitokea lolote," alisema, "hakuna mwanangu atakayekimbia pekupeku." Huko vitani aliwaona watoto waliokimbia pekupeku. Zaidi ya hapo hakusimulia.

Mkewe alikuwa akivigeuza, huku akifoka: "Hii ni nyumba, si kambi! Viatu vikitazama nje vinaita safari!" Asubuhi alivikuta vimegeuzwa tena, na mzee anakunywa chai yake kama si yeye.

Sasa mjane akapiga magoti pale mlangoni. Akavipanga viatu vya wageni, jozi baada ya jozi, vyote vikitazama nje, kama alivyotaka yule mbishi. Zikabaki buti kuukuu za Sajini, pale pale pembeni alipoziacha. Akazipangusa vumbi kwa upindo wa gauni lake, akaziweka katikati ya mlango, zikitazama ndani.