Jino Lililokuwa Bado Linakua

Mwaka ambao mke wangu alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, binti yetu alivunja jino. Alikuwa na miaka minane. Yeye na wenzake walikuwa wakicheza kati shuleni, ule mchezo wa kukwepa mpira, akateleza, mdomo ukagonga ngazi ya simiti. Jino la juu la mbele, la utu uzima, lililoota juzi tu, lilikuwa limebaki nusu, na katikati palikuwa na doa jekundu.

Daktari wa meno pale mjini alitazama eksirei kwa muda.

"Mama yake yuko?"

"Hayuko nchini. Ni mimi tu."

"Basi baba, tutapanga na wewe. Mzizi bado unakua, ncha yake haijafunga. Nikitoa neva yote leo, jino litabaki jembamba na litavunjika tena. Wacha niweke dawa, nifunike, tuone kama litabaki hai. Ile nusu nitaijenga mkirudi. Mambo ya kulivisha jino kofia ya kudumu tungoje awe msichana mkubwa."

Nilitaka kumgeukia mtu nimuulize, tufanye hivyo? Kwenye kiti cha pili palikuwa na sweta ya mtoto.

"Fanya," nikasema.

Ijumaa, siku ya mapumziko ya mke wangu, alipiga simu ya video kama kawaida. Binti akaielekeza kamera juu. Mama yake akaongea na mabati ya nyumba yetu ya mtaa wa Langas.

"Si wang'oe tu, waweke lingine?" aliniuliza baadaye.

Nikamweleza nilivyoelezwa. Alianza kulia, mtandao ukakatika.

Jino lilipojengwa, binti alinyakua simu kabla yangu. "Mami, ona!"

Mama yake akamwambia asogeze simu karibu. Kisha, "Kwani ni lipi lilivunjika?" Wakacheka kwa muda mrefu, wawili hao. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali, na hakuna aliyeniita.

Tulirudi kuangaliwa mara nyingi. Mwaka uliofuata daktari alinionyesha picha mpya: mzizi ulikuwa umekua, ncha imeanza kufunga.

"Mmefanya vizuri," alisema.

Nje nilipiga simu Uarabuni. Ilikuwa saa za kazi, haikushikwa. Nikamwambia mama muuza ndizi pale mlangoni kwamba jino la binti yangu liko hai.

"Mungu ni mkubwa," akasema. "Nikufungie ngapi?"