Posa ya Mfungaji

Barazani kwa baba, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, walikaa wanaume wanne walioujua mpira wa kikapu kuliko watu waliouleta. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuushika. Wa kwanza alikuwa mstaafu wa reli, wa pili mchuuzi wa samaki, wa tatu fundi baiskeli, na wa nne baba mwenyewe, fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa pale pale barazani, na watu hawakosi kukusanyika mahali penye fundi anayefanya kazi, kwa kuwa kumtazama mwenzako akifanya kazi kunapumzisha.

Siwasingizii. Niliwasikia mchana kutwa kwa karibu mwaka mzima, maana sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa mwari. Msichana kwetu akishavunja ungo alitiwa ndani mpaka aolewe. Hatumwi dukani, haendi bombani, hachungulii njiani. Mama alikuwa ameshafariki, na aliyenilea ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Mimi nilikaa chumba cha mbele, dirisha limefungwa, na baba alikuwa akisukuma ubao kidogo na kunipitishia nguo za watu nizitie vifungo. Basi kazi yangu ilikuwa vifungo na kusikiliza upuuzi.

Miaka ile ya hamsini mchezo huo ulikuwa mgeni Tanga. Ulichezwa upande wa mjini, kwenye uwanja wa saruji wa shule moja, na kikapu chenyewe kilikuwa duara la chuma juu ya nguzo, halina hata wavu. Vijana wetu, makarani na walimu, nao wakaunda timu yao, wakaleta kitambaa kwa baba awashonee kaptura. Toka siku hiyo baba akawa mwenye timu. Ukimsikia utadhani yeye ndiye aliyewazaa. Kila Jumamosi alifunika cherehani, akatia kofia, akaenda na wenzake kutazama kaptura zake zikikimbia.

Wakirudi ndipo mchezo wenyewe unapoanza.

Ubishi wao ulikuwa mmoja: nani mchezaji mkubwa. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, karani wa godauni la mkonge, ambaye ndiye aliyekuwa akifunga. Na kulikuwa na kijana wa Kibondei, mfupi, aliyesoma misheni, ambaye kazi yake ilikuwa kuutafuta mpira na kuwapa wenzake.

"Mkubwa ni mfungaji," alisema baba. "Mchezo unahesabiwa mabao, hauhesabiwi mbio."

"Mabao anayapata wapi, fundi?" aliuliza mchuuzi wa samaki. "Yule Mbondei anamletea mdomoni kama kinda la njiwa. Lakini weye umemwona lini mrefu wako akimpa mtu mpira?"

"Ampe kwa nini? Mwenye mkono ampe asiye na mkono?"

"Jumamosi alizungukwa na watu watatu, mwenzake yuko peke yake chini ya kikapu anapunga mikono kama anaita feri, naye hakumpa!"

"Na alifunga?"

"Alikosa."

"Basi yule mwenzake ndiye aliyempigia kelele akamchanganya."

Hapo mstaafu wa reli alikohoa. Huyu kila neno lake lilianzia mahali pamoja. "Mimi nimefika Nairobi," alisema. "Nairobi huyu wenu angebebeshwa ndoo za maji."

"Nairobi ulimwona nani akicheza?"

"Sikuona, nilikuwa kazini. Nilisimuliwa."

Fundi baiskeli yeye hakuwa na maneno mengi. Aliweka gurudumu magotini, akalizungusha, akasikiliza sauti yake kuliko alivyowasikiliza wao.

Nami ndani natia vifungo. Sikuwahi kumwona huyo karani, lakini kwa ubishi wao nilishamjua kama ninavyoijua sindano yangu. Nilijua hatoi mpira. Nilijua akikosa huwageukia wenzake na kuwakaripia. Nilijua akifunga hageuki kurudi mchezoni mpaka atazame kwanza nani kamwona. Nilijua aligombana na refa mpaka refa akampa kipenga auchezeshe mchezo mwenyewe. Na kila moja katika haya, baba alilieleza kama sifa. Mtu mkubwa ana hasira, alisema. Mtu mkubwa hajishushi. Nikajisemea moyoni, ole wake atakayemfulia na kumpikia huyu, maana yeye hatafanya hata moja. Sikujua ninajililia mwenyewe.

Ikaja posa. Wazee wawili waliovaa kanzu zilizopigwa pasi, barua imefungwa kwenye leso, na sinia la halua limefunikwa kawa. Posa ya nani? Ya mfungaji. Alikuwa amekuja mara mbili kupimwa kaptura, akasikia kuwa fundi ana binti ndani.

Baba alilia. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakulia alipozikwa mama, watu wakamsifu kwa subira, lakini aliposikia mfungaji anataka kuwa mkwewe alipenga kamasi kwenye kitambaa cha mteja.

Sasa, kwetu kitu cha posa hakiguswi mpaka jibu litoke. Kinawekwa ndani, kinafunikwa, kinangoja. Kikiliwa, mwenye posa ana haki ya kusema ameshakubaliwa, na hakuna mzee wa mtaa atakayemwambia sivyo. Hili hata mtoto alilijua. Baba naye, kwa furaha, aliliweka sinia juu ya meza yake ya kukatia, pale barazani, ili kila apitaye aulize ni la nini.

Wale watatu wakaja. Ubishi ukaanza, maana ilibidi kwanza ijulikane kama binti wa fundi anaolewa na mchezaji mkubwa au na mchezaji wa kawaida tu. Kahawa ikaletwa. Kahawa chungu na halua ziko karibu, na wanaume wanabishana. Mchuuzi wa samaki alifunua kawa akamega kidogo, ati aone kama ni ya iliki. Mstaafu wa reli akasema halua ya Nairobi haina mafuta mengi hivi, akamega kuhakikisha. Baba mwenyewe alikuwa akieleza bao fulani lililorushwa kutoka mbali, mkono mmoja ukionyesha mpira ulivyopaa, na wa pili, bila yeye kujua, uko siniani. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Sinia lilikuwa jeupe, mtu angeweza kujitazama uso.

Baba akalirudishia kawa.

"Si neno," alisema baba. "Si tunakubali?"

 Naozwa kwa halua, nami sikuonja hata ncha ya kidole.

Lakini taratibu zina mpangilio wake, na kabla ya jibu ni lazima mposaji aulizwe habari zake mtaani kwake. Baba akamtuma mstaafu wa reli. Mtu mzima yule alizunguka siku tatu, kwa kinyozi, msikitini, kwenye magodauni, akarudi amechoka na viatu vimejaa vumbi. Shangazi akatoka mpaka mlangoni kusikiliza.

"Nimeuliza kila mahali," alisema mstaafu. "Mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Lakini wa kulia, hakuna Tanga nzima."

"Anaswali?" aliuliza shangazi.

"Sikuuliza hilo, bi mkubwa."

"Anakunywa?"

"Kabla ya mchezo hanywi hata maji."

"Watu wake ni nani? Alikotoka ni wapi? Aliwahi kuoa?"

"Watu wanasema akiruka, anakaa hewani," alijibu mstaafu.

 Shangazi aliingia ndani, akachukua debe, akajitanda buibui, akaenda bombani. Maji yalikuwepo nyumbani, madebe mawili yamejaa. Hakukaa hata muda wa kuchemsha muhogo. Aliporudi debe lilikuwa tupu, na uso wake umekunjamana.

Kilichowashinda wanaume siku tatu, wanawake watatu wa foleni ya maji walikuwa nacho mdomoni. Mfungaji ana mke kijijini Moa, na mtoto.

Shangazi si mtu wa kubeba maneno ya bombani akayatua barazani hivi hivi. Kesho yake alipanda lori la kwenda Horohoro, akashukia njiani, akamalizia kwa miguu mpaka Moa. Siku ya pili alirudi na pweza mkavu mkononi na kanga ikinuka mkojo.

"Nimemwona mkewe," alimwambia baba mbele ya wote. "Mtoto nimempakata, kanikojolea. Mwanamke kaniambia mumewe yuko Tanga anawatafutia nyumba, akipata atawaita. Anangoja tangu Ramadhani. Na mposaji wako kwenye barua kaandika hajapata kuoa."

Nilisimama nyuma ya dirisha, sindano mkononi. Nikasema sasa imekwisha. Baba atasimama, atakasirika, atarudisha leso ya watu.

Baba akawageukia wenzake. "Mnasemaje?"

Wakalijadili! Wallahi wakalijadili, kama wanavyojadili Jumamosi.

"Mke wa pili si haramu," alisema mstaafu wa reli.

"Kuwa naye si haramu," alisema mchuuzi wa samaki, "lakini kumficha je?"

Baba akafikiri. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau mpaka niingie kaburini. "Mchezaji mkubwa," alisema, "huonyesha kushoto, akaenda kulia."

"Ewaaa!" alisema mstaafu. Hata mchuuzi wa samaki, adui wa mfungaji mwaka mzima, akakiri kuwa, kwa kweli, hapo ametupiga chenga wote.

Shangazi alimtazama ndugu yake mpaka nikadhani atampiga kwa pweza. "Kaka," alisema, "huyu ni mtoto wa marehemu. Si kaptura."

"Halua tumeshaila, dada! Nitawaambia nini watu? Basi muulize mwenyewe. Akinyamaza, tumekubali."

Alijua anachosema. Mwari huulizwa mara moja, na mwari hunyamaza. Akinyamaza amekubali, akilia amekubali, akiinama amekubali. Njia zote zinaelekea nyumba moja. Sijapata kusikia mwari wa mtaa wetu aliyefumbua kinywa, na kama yupo basi hawakusimulia.

Shangazi akaingia, akafunga mlango, akakaa karibu nami mkekani. Hakunong'ona kama inavyotakiwa. Alisema kwa sauti ya kuuza samaki.

"Umeposwa na karani wa godauni. Ana mke Moa na mtoto wa kutambaa. Unamtaka, humtaki? Nauliza mara moja. Ukinyamaza, umeolewa."

 Nje wamenyamaza, wananingoja ninyamaze. Nikamfikiria yule mwanamke wa Moa anayengoja kuitwa, nikaona nami naweza kuja kungoja kuitwa mahali fulani, Korogwe huko, Pangani huko, mimi na mwana kiunoni, naye yuko uwanjani anatazama nani kamwona.

"Simtaki," nilisema.

"Sijasikia," alisema shangazi. Alikuwa amesikia vizuri sana.

"Simtaki!" Na kwa kuwa nilishaharibu, nikaona niharibu kabisa. "Na halua sikula miye. Waliokula ndio waolewe!"

Mguu wa baba ulitoka kwenye cherehani. 

"Nani huyo?" aliuliza mstaafu wa reli.

Fundi baiskeli akalizungusha gurudumu lake. "Refa," alisema.

Baba aliingia. Nilijikunyata nikijua napigwa. Hakunipiga. Alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, kama mtu aliyeingia nyumba si yake.

"Hata hukuwahi kumwona akicheza," alisema, kwa uchungu wa kweli.

"Nimemsikia mwaka mzima, baba."

"Umesikia nini?"

"Kwamba hatoi."

   Baba akageuka, akatoka.

Ikabaki halua. Shangazi alisimama barazani, mkono kiunoni, akawaambia, "Mlioila mtaileta. Sinia zima, kama lilivyokuja." Ndipo ukazuka ubishi mpya: nani alikula zaidi. Na kwa mara ya kwanza tangu niwajue, kila mmoja aliapa kuwa mwenzake ndiye mkubwa. Mchuuzi alisema yeye alionja tu. Mstaafu alisema meno yake hayana nguvu. Baba alisema mikono yake ilikuwa na kazi ya kueleza. Mwishowe waliileta, wote watatu, na fundi baiskeli pia, ambaye nina hakika hakumega hata kidogo. Barua ikarudishwa kwenye leso yake, na baba mwenyewe akalibeba sinia mpaka kwa wale wazee wawili.

Mimi nililipia. Nilibandikwa jina la mwari mwenye mdomo, na hakuna posa iliyopita karibu na nyumba yetu kwa miaka miwili. Nilitia vifungo vingi. Sijutii hata kimoja.

Lakini ya baba niyaseme. Jumamosi ile ile, siku mbili tu baada ya kurudisha sinia, alifunika cherehani, akatia kofia, akaenda mjini. Jioni tulisikia kwa majirani kuwa alisimama katikati ya watu akampigia makofi mfungaji mpaka kofia ikamdondoka.

Shangazi alimngoja mlangoni. "Ni kweli nilivyosikia?"

Baba akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Alifunga kutoka mbali, dada," alisema. "Mbali sana. Nifanyeje?"