Mkono wa Jembe

Puu. Kimya. Puu.

Sauti ilitoka korongoni, nyuma ya shamba la shule. Si mchi, maana mchi una haraka. Si shoka kwenye gogo, maana gogo hulia. Hiki kilikuwa kitu kinachoingia na kukaa. Nilipochungulia nikamwona Bwana Shamba wetu, kijana wa Moshi aliyeletwa kijijini kwetu, karibu na Ihanja, kufundisha kilimo cha ujamaa. Alikuwa amejibandika kwenye ukuta wa udongo, shoka dogo lenye mdomo mwembamba katika kila mkono, meno ya chuma yamefungwa chini ya viatu vyake.

"Shuka uone, Mwalimu," aliniambia bila kugeuka. "Hii ndiyo barafu yangu ya huku."

Zamani alikuwa akiwapandisha wageni Kilimanjaro, na mmoja wao alimwachia vifaa vile. Likizo ijayo yeye na kaka yake wangepanda ukuta wa barafu ulio karibu na kilele, na walikuwa wakimtafuta mtu wa tatu. Nikamwambia anichukue mimi. Barafu niliyoijua ni ile ya duka la soda mjini Singida, vipande vinavyoelea ndooni vikifa taratibu. Nilitaka kuishika ile isiyokufa, iliyokaa juu ya nchi yetu changa kama neno ambalo hakuna aliyelisema bado.

"Panda ukuta huu mpaka juu, shoka lisichomoke hata mara moja," alisema, "nami nitakuchukua."

Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo kiasi cha kupokea chuma. Kila jioni nilijaza vitambaa kwenye viatu vyake vikubwa, nikajifunga kamba ya katani iliyozungushwa kwenye mti wa mgunga huko juu, naye akaishika ncha ya pili. Masharti yalikuwa machache. Piga kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Likishaingia, liache. Nyoosha mkono, ning'inia, miguu ndiyo ipande.

Liache! Hapo ndipo niliposhindwa. Shoka liliingia vizuri, kisha mkono wangu, bila kuniuliza, ukainua mpini na kuuvuta kifuani. Donge likang'oka, nami nikabaki nabembea hewani, udongo mdomoni.

"Unapalilia!" alifoka. "Nani kakwambia kuna magugu humo?"

Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchanga chini yetu hawakutuonea huruma.

"Mwalimu, viazi vimekomaa?"

"Mwache, dada. Ya kulala yamekwisha, sasa wanalima mashamba ya kusimama."

Nilicheka nao, lakini machozi yalikuwa karibu. Mkono ule ulikuwa umeshika jembe tangu sijaweza kusoma: piga, vuta, piga, vuta. Na kila asubuhi shamba la ujamaa liliufundisha upya kile ambacho jioni nilikuwa nimehangaika kuusahaulisha. Nikaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu."

Nikaomba nichote maji ya wapaliliaji badala ya kushika jembe, mpaka Bwana Shamba aende likizo.

"Wanafunzi wako wakuone unakwepa mtama?" aliuliza kwa upole. "Kila mtu na jembe lake, mwanangu. Si ninyi mnaowaimbisha hivyo?"

Ndivyo tulivyowaimbisha. Nyimbo nilizitunga mimi, na niliziamini kila neno. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikikosa hata mtu wa kumkasirikia.

Jioni ya mwisho kabla ya safari yake nilipanda vizuri kuliko siku zote. Visigino vilishuka, nyonga zikaukaribia ukuta, pumzi ikatulia. Nilifika mahali ambapo nilisikia harufu ya majani ya juu. Nikapiga kwa mkono wa kulia, likaingia kwa sauti ile nene niliyoipenda. Likakaa. Kisha kiwiko kikakunjika, mpini ukainuka, na ukuta wote ukaondoka mbele ya macho yangu.

"Tena," nilisema nilipogusa mchanga.

Alikuwa anafungua kamba.

"Tena, nimekwambia!"

"Mwalimu, basi."

Asubuhi alikuja nyumbani kwangu kuvichukua viatu, begi lake begani. Nilikuwa nimeyasugua meno yote ya chuma mpaka yakang'aa.

"Kule juu kamba ni moja," alisema. "Ukianguka wewe, tumeanguka wote."

"Najua."

"Mwakani tutajaribu tena."

"Mwakani hakutakuwa na palizi?"

Alinyoosha mkono wa kuagana. Mimi nikamwekea viatu mkononi. Alivipokea, akavitia begini. Alipovuka kizingiti niliusukuma mlango kwa mguu, ukajifunga kwa kishindo nyuma yake.