Washkaji wote mbali, nikaenda kula Krismasi Butiama: baba mdogo alikuwa hajala chakula cha baba miaka mitano

Wakuu, za sikukuu.

Nina kisa cha Krismasi hii iliyopita. Sijaongeza chumvi hata punje, maana ndugu zangu wengine wamo humu humu, nikidanganya wataniumbua. Wale wa "fupisha mkuu", vuteni subira kidogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, naishi Nyasho, Musoma.

Kwa miaka minne Krismasi nilikuwaga naila na washkaji zangu watatu. Tunachangia mbuzi, tunamchoma uani, muziki juu, basi.

Nyumbani kwetu ni kijijini, ukishuka Kiabakari unachukua boda upande wa Butiama. Si mbali. Lakini nilikuwa natuma salamu kwa simu tu. Mama akilalamika namwambia kazi ni nyingi. Uongo mtupu.

Safari hii washkaji wakatawanyika. Mmoja yuko Oman anaendesha magari, mwingine ni mwalimu kahamishiwa Tunduru, wa tatu kaoa Kigoma na wakwe wamemng'ang'ania.

Tarehe 24 nikawa geto peke yangu naangalia status zao. Upweke wa sikukuu usikieni kwa watu tu. Nilisonga ugali nikajikuta nimesonga wa watu wanne.

Asubuhi nikasema potelea mbali, naenda nyumbani. Kwa aibu ya kutokea mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo, nikapita mwaloni wavuvi wanaposhushia, nikachukua sato watatu wakubwa.

Sasa kuna mambo mawili lazima niyaeleze hapa, bila hayo hamtaelewa.

Kwanza jina langu. Naitwa Magesa, jina la babu mzaa baba. Alinipa mwenyewe akiwa hai. Kwetu ukipewa jina la mtu, unahesabiwa kama yeye. Bibi ananiita "bwana yangu", na nikimuudhi anatishia kurudi kwao. Baba na mdogo wake nao wananiita "baba". Mimi nimekua nikiona ni utani wa nyumbani tu.

Halafu kuna ule ugomvi.

Babu alipofariki miaka mitano iliyopita, baba mdogo alikuwa mbali kikazi. Gari alilopanda likaharibika njiani. Alifika kaburi limeshafukiwa, watu wamekaa wanakula. Akapewa sahani.

Baba kwa uchungu wake akamwambia mbele za watu: "Wewe hukuja kuzika, umekuja kula."

Baba mdogo hakupaza sauti. Aliweka sahani chini akasema, "Kaka, chakula chako sitakila tena."

Na hakula kweli. Siku hizi anaishi Bunda. Kila Krismasi anakuja na mkewe na watoto, anamsalimia bibi, watoto wanakula, yeye anakunywa maji aliyokuja nayo kwenye chupa. Maji, wakuu! Siku ya Krismasi!

Baba naye ni mtu wa Mara hasa, neno likishamtoka halirudi. Krismasi ya kwanza baada ya msiba nilikuwepo, nikaona ile hali. Kusema ukweli ndicho kilichonikimbiza nyumbani. Washkaji walikuwa kisingizio.

Anayeumia ni bibi. Mwaka huu aliugua sana, sasa hata kutembea anashikiliwa. Mama ameniambia mara nyingi kwenye simu kwamba bibi anaomba kitu kimoja tu, awaone wanawe wakila pamoja kabla hajafa.

Basi nikafika. Mama kuniona na begi, swali la kwanza: "Umefukuzwa kazi?"

Nikampa samaki, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Nilijisikia vibaya sana.

Watu waliporudi kanisani chakula kikatengwa uani. Wanaume tukakaa upande mmoja, baba na baba mdogo wamo, na bibi akaletewa kiti karibu yetu. Kulikuwa na sinia la wali na nyama ya mbuzi wa baba, na lingine la ugali na sato wangu.

Tukanawa. Baba mdogo hakunawa. Akafungua chupa yake.

Hata watoto wa upande wa pili waliacha kula wakamtazama.

Sasa mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamgeukia bibi nikasema, "Mke wangu, nimetoka Musoma yote hiyo na samaki, mbona huyu mtoto wako hali? Mkinisusia nawarudisha ziwani."

Nilikuwa natania jamani! Nilitegemea wacheke tupumue.

Hakuna aliyecheka.

Bibi akanitazama. Akaomba ashikwe mkono, akainuka. Akakata kipande cha sato pale kwenye tumbo, akakiweka kwenye sahani na ugali, akamtengea baba mdogo.

Akamwambia, "Wewe uliapia chakula cha kaka yako. Samaki huyu kaka yako hamjui. Kaletwa na baba yako. Na baba yako utamsusia?"

Wakuu, nilipoa. Nikataka kusema bibi mimi nilikuwa natania, lakini baba mdogo akaniwahi.

Akaniangalia. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwani. Akasema polepole, "Baba, nilichelewa."

Nijibu nini? Mimi nina miaka ishirini na saba, sina hata mke. Lakini watu wote walikuwa wananisubiri mimi. Nikajikuta nasema, "Najua, mwanangu. Gari liliharibika. Kula."

Akanawa. Akamega tonge. Machozi yanamtoka, anatafuna.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Huyu mzee sijawahi kumsikia akiomba radhi tangu nizaliwe. Akavuta sinia la mbuzi, akalisogeza mpaka kwenye magoti ya mdogo wake.

"Siku ile nilisema vibaya," akasema. "Nilisema vibaya sana."

Baba mdogo akapeleka mkono kwenye sinia akachukua nyama. Wakala pamoja. Mimi hata sato wangu sikumwonja, nilikuwa nawaangalia tu.

Walipomaliza baba mdogo akasema lile neno la kila siku ambalo hatukulisikia miaka mitano: "Nimeshiba, kaka."

Mama na mama mdogo walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jioni nikawaandikia washkaji kwenye group: asanteni sana kwa kutokuwepo. Wakanitukana. Nikawaeleza, yule wa Oman akapiga simu analia kabisa, anataka kuongea na mama yake na laini haishiki. Nawapenda hawa jamaa, lakini namshukuru Mungu aliyewasambaza mwaka huu.

Nilichojifunza: kule unakokukimbia, wakati mwingine wewe ndiye unayesubiriwa. Nilidhani nikikaa Nyasho ugomvi wao haunihusu.

Kumbe bibi aliliona hilo mapema. Wakati naaga alinishika mkono, hakutabasamu, hakuwa anatania hata kidogo.

"Bwana yangu," akaniambia, "miaka minne yote ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Nyasho, nachoma mbuzi.

Haya, wenye majina ya babu na bibi zenu, kwenu mnachukuliwaje? Jina limewahi kukutuma kazi ambayo hukuiomba? Mwageni hapa, nipo nasoma.