Namba ya Dume Mweusi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba namba kubwa ni rangi nyingi. Programu ya kupima rangi ya seli kwenye picha za hadubini nilijifunza mwenyewe, na sikumuuliza mtu.

Katika maabara yetu ya mifugo hapa Tarime, anayetia rangi vioo vya sampuli ni Mama Bhoke. Vioo vyake vilinipa namba ndogo. Macho yangu yaliona zambarau iliyokolea, nikayapuuza. Nilirudia kupima mara nne, hasira ikipanda. Wiki nzima sikumpa shikamoo. Mwishowe nikamwandikia mkuu wetu kwamba mama huyu aondolewe kazini.

Mkuu akatuita wote wawili. Nikafoka, "Kioo hiki kina arobaini tu. Hajui kazi."

Mama Bhoke alichungulia dirishani, akiwatazama ng'ombe walioletwa kutibiwa. "Mwanangu, mpige picha yule dume mweusi, umpime."

Nikampima kwa dharau. Ishirini na mbili.

"Sasa pima koti lako."

Koti langu jeupe, nililolipiga pasi mara mbili asubuhi ile, likasoma mia mbili na arobaini.

"Kumbe koti ndilo limekolea," akasema, "na dume amepauka."

Kumbe programu ilipima mwanga: kadiri kitu kinavyokolea, ndivyo namba inavyopungua. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Barua yangu ilikuwa mezani, haina hata kosa moja la herufi. Hasira yote ikanigeukia, na bado haijaisha.

Siku hizi, kabla ya seli, napima kwanza kitu cheusi na kitu cheupe. Shikamoo yake Mama Bhoke anaipata mlangoni.