Jumba Tulilopanga Kasuku

Siku tulipokwenda kupokea funguo za lile jumba, tulimkuta mwenye nyumba akimpiga mlinzi wake. Alikuwa akimpigia barazani, mchana kweupe, kwa waya wa umeme uliokunjwa, na watu walikuwa wakipita kuelekea kwenye mabaa bila kugeuza shingo. Kosa la mlinzi ni kwamba aliacha mbuzi wakaingia ukumbini. Mwenye nyumba alipotuona alisimamisha mkono, akajifuta jasho, akaweka sawa kola ya abakosti yake, lile koti la watu wa chama, kisha akasema kwa upole kabisa, "Karibuni, wamama. Muingie muone nyumba."

Nilimvuta yaya wangu kwa kikwembe, kile kitenge alichojifunga. Mimi nilikuwa msichana bado, na yeye, dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipokufa kule kijijini kwetu Tunda. Nikamnong'oneza, "Yaya, turudi. Huyu muntu ni mubaya."

"Ninaona ni mubaya," alijibu. "Lakini angalia nyumba."

Tukaingia. Mlinzi alibaki barazani amejikunyata, akilamba damu iliyokuwa mdomoni.

Jumba lile lilijengwa na mfanyabiashara Mgiriki, zamani, kwa ajili ya wasafiri wanaoshuka kwenye meli na kwenye treni. Serikali ilipochukua mali za wageni na kuwagawia wananchi, jumba lilimwangukia bwana huyu, ambaye alikuwa mtu mzito katika chama pale mjini. Aliuza viti, akauza meza, akauza majokofu, akauza hata mabomba ya maji. Zilibaki kuta. Lakini zilikuwa kuta! Ukumbi ambao harusi mbili zingeingia bila kugusana, sakafu ya saruji nyekundu, jiko la matofali lenye dohani inayotokea juu ya paa, na veranda pana inayotazama barabara yote ya mabaa, mahali ambapo mji mzima wa Kindu ulikuja kutumia nguvu zilizobaki baada ya kazi.

Yaya alikuwa akipika chini, kwenye vumbi karibu na stesheni, akiwalisha wapagazi na watu wa reli. Kila mvua iliponyesha moto ulikufa na wateja wakakimbia. Mume wake alikuwa ameuawa na lori lililopinduka kwenye njia ya Kailo. Kwa kuwa alikuwa mjane, aliweza kutia sahihi mkataba kwa jina lake mwenyewe. Mwanamke aliyeolewa angedaiwa kwanza ruhusa ya mume. Alitia sahihi pale ofisini kwa komini, serikali ya mtaa wetu wa Kasuku, karani akagonga muhuri, na jumba likawa letu kwa miaka mitano.

Mtaa ule haukuwa na upole. Baa upande wa kushoto, baa upande wa kulia, spika zimeelekezana kama watu wanaotukanana. Mchana walikuja wafanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, watu wa Mungu, waliosali kwanza ndipo wakagusa sahani. Jumamosi walikuja wachimbaji wa dhahabu kutoka machimbo ya Kama, wamekaa porini kwa muda mrefu, na kila mmoja alitaka kula, kunywa na kupigana kabla jua halijazama.

Ugomvi wa kwanza niliouona mle ndani ulianza kwa kugombea kiti. Mchimbaji mmoja alivunja chupa ukingoni mwa meza akamchana nayo mtu wa reli kuanzia sikioni hadi kidevuni. Damu iliruka ikaingia kwenye bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Watu waliinuka wote kwa mara moja, meza zikaanguka. Yaya alitoka jikoni na mchi wa kutwangia, akampiga yule mchimbaji nyuma ya magoti. Mtu alianguka kama gunia. Yaya akasimama juu yake na kusema, bila kupaza sauti, "Hapa watu wanakula. Mukitaka kuuana, barabara iko pale."

Nilikwenda kutapika nyuma ya jiko. Baadaye nilizoea. Nilijifunza kuondoa chupa mezani mara tu inapokwisha. Nilijifunza kumtambua mtu atakayepiga kwa namna anavyoshusha mabega. Nilimwona mwanaume akimburuta mkewe kwa nywele toka kwenye baa ya jirani, nikamtupia maji machafu ya vyombo usoni, naye alipokuja kunikamata nilikuwa tayari nimeshika mchi. Sikujiona kuwa ninabadilika. Nilijiona ninafanya kazi.

Na kazi ilikwenda vizuri. Ndiyo iliyotuletea balaa.

Katika kambi ya jeshi pale mjini kulikuwa na luteni mmoja, kijana, mwenye meno mazuri. Alianza kuja kula kwetu na askari wake. Hakuwa akiagiza; alikuwa akinyoosha kidole. Siku moja alimzaba kofi mpishi wetu, mzee mmoja wa Pangi, kwa sababu samaki alikuwa na miiba. Siku nyingine alikuja pamoja na mwenye nyumba, wakatembea ukumbini wakipimapima kwa macho, halafu wakamwita yaya.

"Sitoyeni," mwenye nyumba alimwambia, yaani mwananchi, kama tulivyolazimishwa kuitana wakati ule, "ninaihitaji nyumba yangu. Mukubwa huyu anataka kufungua baa."

"Mukataba haujaisha, Baba."

"Mukataba ni karatasi."

"Eeh, njo karatasi yenye mukono wako."

Luteni alicheka. Akanyoosha mkono kwenye sahani ya mteja aliyekuwa akila, akachukua paja la kuku, akalitafuna akimtazama yaya. "Mwanamuke huyu iko na kichwa," alisema. "Tutamupunguzia."

Siku chache baadaye askari wake walikuja saa ya chakula cha mchana, ukumbi ukiwa umejaa. Lori liliegeshwa likiwa limeipa veranda mgongo, na askari wakaruka chini. Waliingia na vitako vya bunduki wakipiga chochote kilichokuwa mbele yao, meza, sahani, vichwa. Mfanyabiashara mmoja alipigwa akiwa bado amefumba macho anasali. Watu walitokea madirishani, wengine wakipasua vioo. Mzee wetu mpishi alijaribu kuokoa sufuria kubwa ya wali. Walimlaza sakafuni wakamkanyaga vidole kwa buti, mkono wa kuume kisha wa kushoto, kwa utulivu, kama watu wanaozima sigara. Nilisikia mifupa.

Yaya alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono ameishika pande mbili za fremu. Askari mrefu alimwambia atoke. Akasema, "Sitoki." Askari akampiga usoni kwa kitako cha bunduki. Hakulia. Alikaa chini tu, pole pole, na alipoinua uso, mahali pa jicho la kushoto palikuwa na kitu ambacho sikuweza kukitazama.

Nilikuwa na karai la mafuta ya mawese motoni, ya kukaangia samaki. Nililishika kwa kikwembe changu nikammwagia yule askari kuanzia shingoni.

Nimeulizwa na watu wa kanisa langu kama ninajuta. Sijapata kujuta. Lakini sauti yake ninayo hadi leo, na harufu pia.

Nilichofanyiwa baada ya hapo ninakikumbuka vipande vipande. Nywele zangu mkononi mwa mtu. Chuma cha lori usoni. Kule kambini kulikuwa na kasho, chumba cha kufungia watu, hakina dirisha, sakafu imelowa. Walitutoa mmoja mmoja wakatulaza kifudifudi juu ya meza ya mbao, wawili wakishika mikono, wawili miguu, mwingine akichapa. Yaya walimchapa akiwa na jicho lile hivyo hivyo. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kisha nikaendelea kupiga kelele bila sauti. Luteni alikuwa amekaa kwenye kiti akila karanga.

Wale wafanyabiashara wa Kivu ndio waliotutoa. Walikwenda kambini, wengine vichwa vyao vimefungwa bandeji, wakazungumza na wakubwa. Walichotoa hawakutuambia, wala hawakukidai. Hospitalini daktari alimaliza kuliondoa jicho la yaya. Mimi nililala kifudifudi kwa wiki nyingi, na mgongo wangu ulipopona haukuwa tena mgongo wa msichana.

Tuliporudi mtaani, vyombo vyetu vilikuwa mtaroni. Ukumbini kulikuwa na baa ya luteni, spika yake ikinguruma kupita zote. Nilimwambia yaya, "Twende Tunda. Twende tukalime."

Alivuka barabara. Akachagua mahali pa wazi, uso kwa uso na ile veranda, akaweka mafiga matatu, akaniambia nitafute turubai. "Wanione kila asubuhi wakifungua mulango," alisema.

Askari walikuja wakapiga teke sufuria zetu. Tukaosha, tukapika tena. Walikuja tena wakamwaga. Tukapika. Na ajabu ni kwamba wateja walirudi, wakakaa kwenye matofali juani, wakala mbele ya jumba lile lenye kivuli. Ni nani alitaka kula mahali anapozabwa makofi? Ukumbi wa luteni ukabaki na askari wake na wanawake waliolazimishwa kuwaburudisha, na kila jioni kulitoka mtu pale akivuja damu.

Kisha ikaja Jumapili moja, alasiri, baada ya watu wa chama kumaliza gwaride lao. Mwenye nyumba alifika akiwa amevaa vizuri, beji ya chama kifuani, akaingia kuulizia kodi ya jumba lake. Tulisikia spika ikizimwa. Halafu tukamwona anaburutwa kutoka verandani, amevutwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi.

"Nyumba njo ya nani?" luteni alikuwa akiuliza, mkanda wake umefunguliwa mkononi. "Sema! Njo ya nani?"

"Ni yangu," alisema yule bwana, na nadhani hilo ndilo jambo pekee la kishujaa alilowahi kufanya.

Walimpiga kwa mikanda na buti. Waliporudi ndani kuchukua bunduki, alijinyanyua, akavuka barabara akikimbia na kiatu kimoja, sikio limechanika linaning'inia, akaanguka chini ya turubai letu.

"Mama," alimwambia yaya, "nifiche. Kwa jina la Mungu, nifiche."

Yaya alichukua mchi. Alimpiga nao begani, na nilisikia bega likiachia. Akauinua tena, safari hii juu ya kichwa. Yule bwana alifumba macho. Nami nilisema, nilisema wazi, "Piga."

Sijui alisimama hivyo kwa muda gani. Kisha aliutupa mchi, akamsukuma yule mtu kwa mguu hadi nyuma ya magunia ya makaa, akamtupia gunia tupu juu, akaketi mbele yake akaanza kuchambua sombe.

Askari waliingia. "Iko wapi?"

"Nani?"

"Usituchezee, mama. Muntu alikimbilia huku."

Yaya aliwageuzia upande wa kushoto wa uso wake, ule uliofumba. "Ninyi wenyewe mulinipunguzia macho," alisema. "Ninaona nusu. Kuna muntu alipita, alienda mutoni."

Mmoja alimpiga kwa mgongo wa mkono, damu ikamtoka puani. Mwingine akapindua sufuria. Wakakimbia kuelekea mtoni.

Kumpiga mtu wa chama mwenye beji kifuani, siku ya gwaride, lilikuwa jambo kubwa. Wakubwa walipiga simu, wakubwa zaidi wakajibu, na haikupita muda luteni alipakiwa kwenye ndege akiwa amefungwa pingu. Mtaa mzima ulishangilia. Mimi sikushangilia. Kwa jicho la yaya, kwa vidole vya mzee mpishi, kwa mgongo wangu, hakuna aliyepiga simu.

Mwenye nyumba alikuja na mkono umefungwa shingoni, akitoa funguo. "Dada yangu," alianza.

"Mimi si dada yako."

"Mama. Chukua nyumba. Ni yenu."

"Si yetu. Ni yako, na mimi ninapanga. Utakuja komini uandike tena mukataba, mbele ya watu. Na kodi utatuma muntu kuichukua. Wewe mwenyewe, usikanyage."

Alitimiza. Tuliingia tukakuta milango imechomwa kuni na kuta zina matundu ya risasi. Mzee mpishi hakuweza tena kushika kisu, lakini alikaa kwenye kigoda akituelekeza kwa kidevu. Tulisugua sakafu kwa mchanga. Madoa mengine yalikuwa yetu.

Nilimuuliza yaya, tukiwa tumepiga magoti na brashi, kwa nini hakuwaacha askari wamuue yule bwana.

"Nilitaka afe," alisema. "Ulinionaje? Nilitaka. Lakini si kwa mikono ya wale." Akasukuma ndoo mbele. "Sugua pale, umeruka."

Ugomvi haukuisha. Jumamosi zilibaki Jumamosi. Nilisimama daima upande wake wa kushoto, nikiwa jicho lake, na tuliwatoa walevi wawili wawili. Lakini mimi nilikuwa nimeharibika kwa namna ambayo yeye hakuharibika. Lori likifunga breki barabarani, nilijikuta nimeshika kitu cha moto mkononi, nikitafuta wa kummwagia. Mara moja karibu nimmwagie muuza mkate.

Nilipopata mchumba, mtu mpole wa reli, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza, tukaamua kuhamia Kongolo. Yaya alinipa sufuria mbili na kikwembe kipya, akanikumbatia jikoni kwa nguvu hadi makovu yakaniuma. Hakunisindikiza stesheni. Ilikuwa Jumamosi, wachimbaji walikuwa wameshafika, na ukumbini mtu alikuwa tayari ameanza kupiga kelele.